Nikiacha pipi za bangi silali kabisa. Si ndiyo dalili kwamba zinanitibu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 46, huu ni mwaka wa 11 naishi Minneapolis, Marekani. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku, saa 5 usiku mpaka saa 1 asubuhi. Usingizi ulinikimbia miaka mingi. Huku bangi imeruhusiwa, na mwenzangu kazini akanishauri nitumie pipi laini za THC, ile kemikali ya bangi inayolevya. Nilianza na miligramu 5, nikalala kama mtoto. Sasa ni mwezi wa 8, natumia miligramu 20 na usingizi umeanza kukatika tena. Nilijaribu kuacha: siku 3 sikupata hata lepe la usingizi, siku ya 4 nikaota mambo ya ajabu, nikarudi. Hapo ndipo nilipoamini kweli hii ni dawa, mwili wangu unaihitaji. Naomba uniambie dozi sahihi, na kama nihamie zile za indica. Nina presha, nameza vidonge, na mume wangu hunitania kuwa nakoroma kama trekta. Kahawa ni kikombe kimoja tu kikubwa, saa 10 usiku, nisisinzie kazini. La mwisho, mama yangu ana miaka 74, yuko Tanga, naye halali. Anapanda kitandani saa 2 baada ya Isha, ikifika saa 10 yuko macho makavu mpaka adhana ya alfajiri. Anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, tangu abadilishiwe vali ya moyo. Nakuja Desemba, nataka nimletee mafuta ya CBD, yale ya bangi yasiyolevya. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Dozi nitaiacha kwanza, nianze na sentensi yako moja: "Hapo ndipo nilipoamini kweli hii ni dawa." Hiyo naisikia hapa kliniki karibu kila wiki, kutoka kwa watu wasiofanana kwa lolote jingine. Dereva wa lori anaisema kuhusu msuba wake wa jioni. Mama wa makamo anaisema kuhusu vidonge vya diazepamu anavyofungiwa vitatu vitatu kwenye karatasi bila cheti cha daktari. Wapo hata wanaoisema kuhusu piritoni, ambayo ni dawa ya mafua na muwasho. Ushahidi wao wote ni mmoja: nikiacha, silali.

Sasa hebu tuuangalie ushahidi huo. Ubongo una vipokezi vinavyoitwa CB1, na mwili unavitengenezea kemikali zake wenyewe. Mojawapo iligunduliwa mwaka 1992, wanasayansi wakaiita anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. THC ya bangi inakaa kwenye vipokezi hivyohivyo, ila inakaa kwa nguvu zaidi. Ukiimwagia ubongo kila siku, nao unajihami: unapunguza vipokezi, na vilivyobaki vinakuwa vizito kuitikia. Ndiyo maana miligramu 5 iliyokulaza mwezi wa kwanza haikulazi leo, na 20 nayo imeanza kuchoka. Ukiikata ghafla, ubongo unabaki na vipokezi vichache, huku ile kemikali yake ya asili haitoshi kuutuliza. Utalalaje?

Hali hiyo ya mwili kudai dawa uliyoizoea vijana wa mtaani wana neno lake: arosto. Wengi wanadhani arosto ni ya heroini tu, ya wale wanaopanga foleni ya methadoni asubuhi. Ya bangi haina matapishi na maumivu ya mifupa kama ile, lakini ipo, na mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliiorodhesha rasmi mwaka 2013. Dalili zake ni hasira za karibu, hamu ya chakula kupotea, wasiwasi, na juu ya yote kukosa usingizi. Huanza siku ya kwanza hadi ya tatu, hupanda kileleni ndani ya wiki ya kwanza, kisha hushuka. Usingizi ndio wa mwisho kutulia, na unaweza kusumbua wiki kadhaa. Zile ndoto zako za ajabu za siku ya 4 nazo zimo. THC hubana ile sehemu ya usingizi tunayoota ndani yake. Ukiiondoa, ndoto zilizozuiwa miezi 8 zinarudi kwa kishindo, unaamka umelowa jasho.

Kwa hiyo ulipoacha ukakesha siku 3, ulikuwa umekutana na arosto ana kwa ana, ukamvika koti jeupe la daktari. Mtu aliyewahi kuchukua mkopo wa kausha damu atanielewa haraka: pesa ya leo ni ya kweli, umeishika mkononi, umenunua unga. Ila wiki ijayo unakopa tena ili ulipe ule wa kwanza, na unamshukuru mkopeshaji kwa kukuokoa.

Sisemi THC haileti usingizi. Inaleta. Katika siku za mwanzo watu wengi hulala haraka zaidi, na atakayekubishia hilo hajui anachosema. Ugomvi wangu ni na wanaochukua ukweli huo mdogo wakaujengea ghorofa. Mwaka 2017 Akademia za Kitaifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba za Marekani zilipitia tafiti zilizokuwepo. Zilichokiona ni ushahidi wa wastani kwamba dawa za jamii ya bangi husaidia usingizi kwa muda mfupi, kwa watu ambao usingizi wao unavurugwa na jambo jingine, kama maumivu sugu au ugonjwa wa kukakamaa kwa misuli unaotokana na mishipa ya fahamu. Yaani maumivu yanapungua, mtu analala. Utafiti mmoja wa Australia uliotoka mwaka 2021 uliwachukua watu wenye tatizo la usingizi lenyewe, ukaona nafuu. Walikuwa watu 24, na dawa walipewa kwa wiki 2. Wiki 2, mdogo wangu. Wewe uko mwezi wa 8.

Na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko huko ulipo, imekubali dawa chache za aina hii: dronabinoli mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani, na dawa ya CBD safi mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto, baadaye ikaongezwa ya tatu. Kwa kukosa usingizi haijakubali hata moja. Jimbo lako kuruhusu pipi ziuzwe dukani ni uamuzi wa wanasiasa na wapiga kura. Pombe nayo inauzwa dukani, na aliyelewa chakari analala fofofo, ila sijamsikia mtu akiiita konyagi tiba ya usingizi.

Kuhusu indica, nitakujibu kwa ufupi maana haistahili zaidi. Mtaalamu wa mimea Lamarck alipoupa mmea jina hilo mwaka 1785, alikuwa anatazama umbo la mmea uliotoka India. Jina halisemi chochote cha uhakika juu ya kilichomo ndani ya pipi yako. Muuzaji akikuambia "hii indica ni ya usiku, ile sativa ni ya mchana", anakusomea bango la tangazo.

Sasa tuje kwenye trekta. Una miaka 46, una presha, unakoroma mpaka mume ametunga utani, na hakuna aliyekupima pumzi zako ukiwa usingizini. Hapo ndipo swali lako lilipaswa kuanzia. Kuna ugonjwa ambao njia ya hewa kooni hujifunga mtu akiwa amelala. Pumzi inakatika sekunde 10, 20, wakati mwingine zaidi, ubongo unashtuka, anavuta hewa kwa mkoromo, analala tena. Inaweza kujirudia mara 30 kwa saa, na asubuhi hakumbuki hata moja. Anachojua ni kwamba usingizi wake "unakatika", anaamka kichwa kinamgonga, na presha haishuki hata abadilishiwe vidonge mara ngapi. Mwulize mume wako swali moja tu: mkoromo huwa unanyamaza ghafla kisha unarudi kwa kishindo?

Nakuuliza hili kwa sababu ya jimbo lako hasa. Minnesota iliuingiza ugonjwa huo kwenye orodha ya maradhi yanayoruhusiwa kutibiwa kwa bangi, kuanzia Agosti 2018. Miezi michache kabla ya hapo, Aprili mwaka huo huo, Akademia ya Marekani ya Tiba ya Usingizi ilitoa msimamo ulio kinyume kabisa: bangi isitumike kutibu ugonjwa huu, ushahidi hautoshi na usalama haujulikani. Wenye taaluma walisema hapana, orodha ikasema ndiyo, na mwenye duka akasoma orodha. Tiba inayojulikana ni mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa usiku, pamoja na kupunguza uzito kwa anayehitaji. Kipimo chake siku hizi unaweza kupewa ukalale nacho nyumbani. Kamwombe daktari wako wiki hii, na umtajie pipi pia, usimfiche.

Kinachonichosha zaidi katika haya yote si bangi yenyewe. Ni tabia ya kuuita usingizi ugonjwa, ukautafutia dawa, kabla ya kuuliza ni nini kinachomwamsha huyu mtu. Mwaka jana alikuja kwangu mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akaweka mezani kichupa cha kahawia chenye kidripu cha mpira. Lebo ilichapwa kwa printa ya kawaida, wino umeshaanza kufutika pale anaposhikia kidole gumba. Imeandikwa "mafuta ya CBD, tiba asilia ya usingizi, kisukari, presha na nguvu za kiume". Alinunua kupitia WhatsApp, shilingi 85,000, akaletewa na bodaboda. Nilidondosha tone kwenye kiganja: harufu ya alizeti. Nikamwuliza, mwalimu, usiku huwa unaamshwa na nini? Akacheka. "Mkojo, daktari. Mara 5, mara 6." Tukampima sukari palepale, ikasoma 17. Mzee wa watu alikuwa na kisukari, anadondoshea alizeti chini ya ulimi kwa miezi 3, na yule muuzaji kila akilalamikiwa anamwambia aongeze matone.

Na msidhani ni Dar es Salaam tu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipeleka maabara. Asilimia 31 tu ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Nyingine zilizidi, nyingine zilipungua, na 18 kati ya hizo 84 zilikutwa na THC, hiyo hiyo inayolevya. Hapo tunazungumzia bidhaa zenye lebo nzuri na tovuti inayong'aa. Mtu anayekuambia "ni ya asili, haina madhara" mwulize kama ameshawahi kula uyoga wa porini asioujua. Mwenye duka la dawa baridi anayekuuzia diazepamu bila cheti, mwenye kichupa cha WhatsApp na "mshauri" wa pipi aliyesomea kozi ya siku 2 ni ndugu. Wote wanauza usiku mmoja, na hakuna hata mmoja atakayekuwepo mwezi wa 8.

Nirudi kwako. Usikate kwa ghafla tena. Punguza kidogo kidogo, mimi hushauri robo ya dozi kila wiki: kutoka 20 hadi 15, kisha 10, kisha 5, kisha nusu ya hiyo 5, kisha basi. Kila hatua tegemea siku 2 au 3 mbaya. Zinapokuja, jiambie hii ni arosto na itapita. Usiongeze pipi ya pili kwa sababu ya kwanza "haijapanda". Inayomezwa hupitia tumboni na kwenye ini, inaweza kuchukua masaa 2 kufika kichwani, na wengi wanaokimbizwa hospitali moyo ukiwadunda ni wale walioongeza baada ya dakika 40. Na usikae kwenye usukani ukiwa nayo mwilini.

Kahawa yako ni "kikombe kimoja tu", nimekusikia. Nusu ya kafeini huchukua takribani masaa 5 kutoka mwilini. Ukiinywa saa 10 usiku, saa 3 asubuhi, wakati umeshafunga pazia unahesabu mabati, nusu ya kikombe kikubwa bado iko kazini. Ihamishe iwe saa 6 usiku, usivuke saa 7. Chumba kiwe giza totoro, kwa blanketi zito dirishani kama pazia halitoshi, maana saa ya mwili inaongozwa na mwanga kuliko kitu kingine. Siku za mapumziko usigeuze ratiba nzima; lala walau masaa 4 yaleyale unayolala siku za kazi, mengine yafuate.

Tiba ambayo vyama vya madaktari huiweka mbele ya kidonge chochote ni ile ya kurekebisha fikra na mienendo ya usingizi. Huko utaikuta kwa kifupi cha CBT-I, na Chuo cha Madaktari wa Marekani kiliitaja kuwa ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu mwaka 2016. Nayo haina peremende. Unaandika daftari siku 14: uliingia kitandani lini, ulilala lini, uliamka lini. Mtu akikaa kitandani masaa 8 na akalala 5, yale 3 ya kugaragara yanaufundisha ubongo kwamba kitanda ni mahali pa kukodoa macho. Basi unamfupishia kitanda, unampa masaa 5 na nusu. Akishakuwa analala karibu muda wote huo, unamwongezea dakika 15, wiki nyingine 15 tena. Wiki ya kwanza atakuchukia. Ila kwako wewe hatua hiyo ya kufupisha isubiri mpaka upimwe pumzi, maana unaendesha gari asubuhi baada ya zamu, na mtu mwenye ugonjwa wa pumzi ukimnyima usingizi zaidi unamtafutia ajali.

Kuna jambo si la udaktari lakini nitalisema kwa sababu hujalitaja. Kama bado huna uraia, ongea na mwanasheria wa uhamiaji leo. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi, hata katika jimbo lililoiruhusu, kunaweza kukukwamisha kwenye kigezo cha tabia njema unapoomba uraia. Jimbo na serikali kuu hawasemi lugha moja.

Mafuta ya mama. Usiyabebe. Kwanza ni wafarini: CBD hupunguza kasi ya ini kuivunja dawa hiyo, damu inazidi kuwa nyepesi, na mama mwenye vali ya bandia anaweza kuvuja damu ubongoni au tumboni bila kujikwaa popote. Pili ni uwanja wa ndege. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina kipengele cha "lakini nilinunua Minneapolis kwa risiti", na nimeshakuambia kuhusu zile chupa 18 zenye THC ambayo mnunuzi hakuijua.

Halafu hebu tuhesabu pamoja. Mama anapanda kitandani saa 2 usiku, anaamka saa 10. Hayo ni masaa 8, kwa mtu wa miaka 74. Mama analala kukushinda wewe na mimi. Kinachomsumbua ni hilo lisaa la giza kabla ya adhana, peke yake, nyumba kimya. Akitaka kuamka saa 11 na wenzake, akae sebuleni na wajukuu mpaka saa 3 ndipo apande kitandani. Na wewe hiyo saa 10 yetu ya alfajiri huko kwenu majira ya baridi ni saa 1 jioni, hujaingia zamu. Mpigie simu.